Jina la Daftari

Mama yangu akiona mtu ameshika daftari, anabadilika jina. Si utani. Mtu akija kwake Kisumu Ndogo, huku Kibera, na kalamu sikioni na karatasi zenye mistari, awe wa neti za mbu, awe wa kuhesabu watu, awe wa kanisa jipya linalogawa unga, Mama atamwangalia viatu kwanza, apime vimetoka wapi, kisha atamjibu bila kupepesa jicho kwamba yeye ni Ruth Kageha. Mama yangu anaitwa Trizah Adongo. Kageha alikuwa jirani yake wa kwanza pale plotini, Mluhya mmoja aliyerudi kwao zamani, na sidhani huyo mama wa watu anajua kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akipokea neti Kibera.

Huyo ndiye Mama. Anauza omena, vile visamaki vya ziwani, pale pale alipoanzia nikiwa mtoto, kando ya kanisa la mabati, na hajawahi kukaa akiupa mgongo mlango. Wale wageni wa kuja kutembezwa Kibera na kamera shingoni wakipita, anafunika omena kwanza na leso, halafu ndiyo anajifunika uso. Nilimuuliza siku moja omena wamekosa nini. Akaniambia huwezi jua picha inaenda wapi.

Sababu yake alitupa mapema. Alisema kuna mwaka watu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika majina, na wiki iliyofuata kila nyumba iliyoandikwa ikachorwa X nyekundu mlangoni, ibomolewe. Basi tukalelewa hivyo, mimi, na baadaye binti yangu Whitney: Kageha ni jina la daftari. Jina lako lenyewe unawawekea watu wako. Hata shuleni, siku nesi alipokuja na fomu za chanjo, niliandika Kageha, nikachapwa na mwalimu kwa uwongo, na nilipofika nyumbani Mama akanipa chapati mbili.

Mimi ndiye Filister, mtoto wake wa pekee. Nashona Kawangware, upande unaoitwa Kongo, kwa cherehani moja na pasi ya makaa, nabadilisha zipu na kupunguza suruali za mitumba. Mdomo ninao, wateja wangu watakwambia. Na ile tabia ya kushuku watu nimeirithi yote, hakuna aliyenigawia nusu.

Kwa hivyo Whitney alipomleta Brandon nyumbani baada ya Pasaka, nilimkagua huyo kijana jinsi ninavyokagua nguo ya mtumba: nje, ndani, kwapani. Ni fundi wa simu pale kituo cha Kawangware 46. Alikuwa na adabu. Adabu nyingi kwangu ni kama rangi mpya kwenye ukuta, nataka kujua inaficha nini. Alisema habari yako mama, akakaa ukingoni mwa kiti, akala kidogo, akasema ameshiba. Kijana wa miaka ishirini na nne ameshiba sahani moja, aniambie mimi. Nikajisemea, huyu ama ana mke mahali, ama anadaiwa na watu wabaya. Sikupata kitu.

Halafu akainama kunawa mikono kwenye beseni, na mwanga wa mlangoni ukampiga upande wa uso. Mbele ya sikio, pale nywele zinapoanzia, nikaona katundu kadogo, kama mtu amekadunga na sindano akakaacha. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye sikio langu. Mimi ninako hako katundu. Whitney anako. Mama hana, na kwao Mama hakuna aliye nako. Kwa hivyo kwetu sisi kalitoka kwa baba yangu.

Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, kijana wangu, mnaitwa watu wa nani huko nyumbani. Akasema Ojwang. Nikamuuliza nyumbani ni wapi. Akasema Kamuga, upande wa Siaya. Babu yake alifanya kazi hapa Nairobi, akafia hapa hapa zamani, kabla yeye hajazaliwa. Jina la ubatizo la huyo babu hakulijua. Kwao humwita tu Kwaro, yaani babu, na hakuna mtoto wa kuuliza zaidi.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakijua kuhusu baba yangu, na ni kidogo cha kuaibisha. Aliitwa Nicanor Ojwang. Alikufa kwa ajali wiki ya Pasaka mwaka wa 1989, mimi nikiwa na miaka mitatu, na Mama hakwenda mazishini. Hayo hata hakuniambia Mama. Aliniambia mama mmoja wa kanisani, sasa ni marehemu, nikiwa na miaka kumi na saba. Akaongeza kwamba wenzake wa kazini walimtangaza kwenye gazeti, na picha, na kijiji chake, na majina ya watoto. Kijiji chenyewe hakukikumbuka. Na picha ya baba yangu mimi sikuwahi kuiona hata moja.

Ojwang si jina la kukutoa jasho. Ukisimama Kisumu Ndogo uite Ojwang, watageuka wanaume saba na mbwa mmoja. Lakini Ojwang, na sikio, na babu aliyefia Nairobi? Kwetu sisi Wajaluo damu moja haioani, hata kama ni ya babu wa babu. Si dhambi ya kutubu Jumapili ikaisha. Nyumba kama hiyo watu hawaikanyagi, na watoto wake wanaitwa majina. Kama babu wa Brandon ndiye baba yangu, basi Whitney alikuwa anaenda kuolewa na mtoto wa mjomba wake. Na watu wa Brandon walikuwa wameshasema wanakuja kwangu Jumamosi ya tatu baada ya siku hiyo kujitambulisha. Nikishawapikia kuku, wakishaketi na kusema lililowaleta, nianze vipi kuwauliza mambo ya masikio?

Nikaenda kwa Mama. Alikuwa amemwona Brandon mara moja, siku Whitney alipompitisha pale kwenye omena. Nikamuuliza, Mama, baba yangu alikuwa wa kijiji gani. Akaniambia kwao ni kwao, jibu lake la siku zote. Nikamwambia huyu kijana ni wa Ojwang. Mama, ambaye anaweza kubishana na redio, akachukua kopo la gorogoro akaanza kupima omena ambazo hakuna mtu alikuwa ameagiza. Akapima, akamwaga, akapima. Mwishowe akasema akina Ojwang wamejaa dunia nzima.

Aliyenifungulia njia ni mteja, mwalimu Kaluki, aliyekuja kupunguziwa sketi. Nilimuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama gazeti la 1989 linaweza kupatikana duniani. Akasema liko. Ile maktaba ya zamani ya mjini, yenye nguzo za mawe, iliyojengwa na wazungu enzi ambazo Mwafrika aliingia humo na ufagio tu, ina chumba cha magazeti ya zamani, yote yamejalidiwa, na ni ya umma. Nikamuuliza wanataka nini kwako. Akasema hawataki kitu. Hapo ndipo nikaanza kuishuku hiyo maktaba.

Nilikwenda Alhamisi, siku mbili kabla ya wageni. Sikumwambia mtu. Nilivaa nguo ya kanisani, nikafunga kioski, nikashuka mjini kama mtu anayekwenda nchi nyingine, na kweli ilikuwa nchi nyingine. Nimeishi Nairobi maisha yangu yote na hizo ngazi nilikuwa nimezipita mara mia nikienda kununua vifungo na uzi. Sikuwahi kufikiria ni za kupandwa na mimi. Nilizipanda nikingoja mtu aniulize naenda wapi.

Askari wa mlangoni hakuniuliza naenda wapi. Alitaka kitambulisho. Nikamuuliza cha nini. Akasema ni utaratibu, utakichukua ukitoka, akakichomeka kwenye kisanduku cha mbao chenye vyumba vidogo vidogo. Niliangalia ni chumba gani. Cha tatu, mstari wa pili.

Ndani kulikuwa na baridi ya mawe, na sakafu ya mbao iliyokuwa inasema kila hatua yangu. Dari iko juu kiasi kwamba ungejenga nyumba mbili za Kibera moja juu ya nyingine, na nafasi ya kukausha nguo ingebaki. Watu walikuwa wameketi, wengi, vijana kwa wazee, na hakuna aliyesema neno. Mahali watu wazima wamejaa na hawaongei, ama kuna maiti ama kuna mtihani. Ukutani kulikuwa na mzungu wa kuchorwa, na masharubu yake, akiniangalia mkoba. Niliubana kwapani.

Chumba cha magazeti kilikuwa chini, na mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa koti la kijivu, kibandiko kifuani kimeandikwa Musembi. Mkamba, anaongea polepole, haangalii mtu usoni bali mikononi. Alinyoosha kidole kwenye kalamu yangu ya wino, akasema humu ni penseli tu, akaniazima yake iliyofungwa na uzi mezani. Hata penseli wameifunga, nikawaza, na wanasema hawashuku mtu. Akanipa kikaratasi niandike jina langu na gazeti ninalotaka.

Nilikuwa na haraka na wasiwasi, na mkono una mazoea yake. Niliandika Ruth Kageha.

Alirudi amebeba kitabu kikubwa kama mlango wa kabati, Machi hadi Aprili 1989, gazeti la Kiswahili. Akakiweka mbele yangu, akakaa mita mbili kutoka kwangu. Nilifungua taratibu. Karatasi zilikuwa za rangi ya chai. Nikapita Machi mwanzo, bei za mahindi, mpira, mawaziri wakifungua majengo. Nikafika Ijumaa Kuu. Nikafika Jumatatu ya Pasaka. Kila ukurasa wa tanzia, kila uso wa mwanaume, nilijiuliza kama ni yeye, halafu nasoma jina, si yeye. Sura nyingi hivyo za watu waliokufa, zimenyoa vizuri, zimefunga tai.

Kwenye gazeti la Jumatano baada ya Pasaka nikageuza ukurasa wa tanzia na nikaona mpira. Pale kati kulikuwa na dirisha. Mtu alikuwa amekata pande nne, sawasawa, na wembe, na kupitia hilo dirisha niliona ukurasa uliofuata, miguu ya mchezaji na nusu ya mpira. Nilipitisha kidole kwenye ukingo. Mimi ni fundi, najua mkato wa mtu mwenye hasira na mkato wa mtu aliyetulia. Huyu alikuwa ametulia.

Nilimwita yule mzee. Nilimwita kwa ukali, nakiri, kama yeye ndiye mwenye makosa. Akaja, akaangalia, akavua miwani, akaivaa tena. Akageuza kitabu chote hadi jalada la nyuma, ambako kulikuwa na kadi iliyobandikwa. Kila anayesoma kitabu hicho hujiandika pale kwa mkono wake kabla ya kukirudisha, jina na tarehe. Kwa miaka yote hiyo walikuwa watu sita tu. Akaweka kikaratasi changu kando ya kadi. Kisha akanigeuzia nami nione.

Mstari wa nne ulisema: Ruth Kageha, Juni 2003.

Na mwandiko niliujua kabla hata sijamaliza kusoma. Ile K yenye mkia mrefu iko kwenye kila kadibodi ya omena niliyoiona maishani mwangu.

"Mama," Musembi aliniambia, bila kupandisha sauti, "sasa umerudi kukata nini?"

Nikikana jina nitakuwa nimedanganya kwenye kikaratasi. Nikilikubali mimi ndiye mwizi. Na nikieleza, nitakuwa nimemtaja mama yangu. Nilisimama pale na penseli ya watu mkononi, jasho likinitoka kwenye ile baridi yote. Akaita askari alete kitambulisho changu. Kilitoka chumba cha tatu, mstari wa pili. Akasoma Filister Akinyi Ojwang, akasoma Ruth Kageha, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

Nikaeleza. Sikuwa na njia. Nilimweleza jina la daftari ni nini, na kwamba aliyekata ni mama yangu, na kwamba lililokatwa ni baba yangu. Nililia pia, na nilijichukia kulia mbele ya mtu wa ofisi. Sijui kama aliniamini. Alisema amefanya kazi pale miaka ishirini na sita na watu hukata matangazo ya kazi, hukata mashairi, hukata picha za magari, na kila mmoja ana hadithi yake. Akatoa daftari lingine, kubwa, na kalamu nyekundu. Akaandika majina yangu ya kweli, yote matatu, namba ya kitambulisho, na mbele yake akaandika ukurasa uliokosekana. Akasema nina hadi Jumatatu kuurudisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandikwa jina langu na mgeni pasipo mimi kupenda, na nililiona likikauka.

Sikurudi Kawangware. Nilikwenda Kibera moja kwa moja.

Mama alikuwa na mteja. Nilingoja. Mteja alipoondoka nikamwambia nimetoka maktaba, mstari wa nne, Juni 2003. Akaniuliza maktaba gani. Nikamwambia Mama, usinifanye daftari. Akafunika omena na leso. Akaingia ndani, nikamfuata, akaketi kitandani, akaweka mto mapajani na kuukumbatia kwa mikono miwili. Nilijua hapo hapo. Niliutoa mikononi mwake, na hakushindana nami.

Pembe moja ya mto ilikuwa imeshonwa kwa mkono, kwa uzi mweusi, mishono ya karibu karibu. Nilitoa kiwembe changu cha kufumulia nikaanza kukata uzi mmoja mmoja. Mama alianza kuongea nikifumua.

Alisema hakuwa amepelekewa ng'ombe hata mmoja wa mahari. Baba yangu alikuwa na mke nyumbani, Consolata, na watoto, na hapa Nairobi akawa na yeye. Yeye Mama alimpenda, alisema, na nikikataa shauri yangu. Alipokufa, wenzake wa kazini waliandika tangazo kwa maneno waliyopewa na nyumbani. Mimi nilitajwa. Yeye hakutajwa. Miezi miwili baadaye wanaume wawili wakafika Kisumu Ndogo na daftari, wanatafuta mtoto wa Ojwang anaitwa Filister, apelekwe kwao akalelewe na wenzake.

"Nilikuwa nimesimama mlangoni na wewe ulikuwa unacheza mchanga miguuni pao," Mama alisema. "Nikawaambia sijui Filister. Mimi ni Kageha."

Hakuna X nyekundu. Hakukuwa na wiki ya X nyekundu kwa sababu ya majina. Milango ilichorwa mwaka mwingine, kwa mambo mengine, na yeye akaiokota hiyo sababu kwa kuwa ilimfaa. Nikiwa na miaka kumi na saba, na mimba ya Whitney, nilimpigia kelele kwamba nitatafuta watu wa baba yangu wanilee na mtoto wangu, na kwamba najua mahali pa kuanzia, kwenye gazeti. Mimi nilisahau wiki hiyo hiyo. Yeye akafunga wembe kwenye pindo la kitambaa cha kichwa, akavaa sare yake ya Umoja wa Akina Mama, akapanda zile ngazi za mawe peke yake, mwanamke aliyeishia darasa la tatu.

Nikamuuliza kwa nini basi hakuichoma hiyo karatasi.

"Ndiyo picha yake niliyo nayo," akasema.

Mshono wa mwisho ulitoka. Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara mbili, maandishi juu. Nikasoma. Nicanor Ojwang wa kijiji cha Kamuga. Mume wa Consolata. Baba wa Oyoo, na Oyoo ndilo jina la baba yake Brandon, na wengine wawili, na Filister. Mimi na Oyoo tulikuwa mstari mmoja. Nikafungua mkunjo wa pili ili nimwone baba yangu, niliyemngoja maisha yangu yote, na nikamwona Brandon amefunga tai.

Nilikaa chini sakafuni. Sikulia. Nilikuwa na hasira iliyonipanda kutoka miguuni.

"Ulijua," nikamwambia.

"Niliposimama naye pale nje, nilijua. Ni Nicanor mzima."

"Na ukanyamaza, wageni wanakuja keshokutwa."

Akasema aliomba awe amekosea, kila asubuhi aliomba. Akasema angetaja Kamuga, basi wangejua nilipo. Alikuwa anaongea kwa sauti ndogo, anapapasa mto uliofumuliwa, sufi zimemmwagikia sketi.

"Mama, mimi nina miaka thelathini na nane," nikamwambia. "Nani angenichukua?"

Macho yake yakaenda mlangoni kama siku zote. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikimshuku kijana wa watu kwa sababu ameshiba, nikashuku askari, nikashuku penseli, na aliyekuwa ananificha jambo ameketi kwenye kitanda nilichozaliwa juu yake. Na bado, wewe niambie, ningemfanya nini? Nilimsaidia kurudisha sufi ndani ya mto nikaenda zangu.

Whitney nilimwambia asubuhi ya Ijumaa, kabla hajaenda kazini kwake saluni. Sikumzungusha. Nilimpa karatasi. Alisoma majina, akaangalia picha, akaniuliza kama nina hakika, kisha akaacha kuniuliza. Akampigia Brandon akiwa nje, ameegemea mabati, na niliona tu kisogo chake. Alipoingia alisema baba yake Brandon amesema watakuja Jumamosi vile vile. Wana dada waliyemtafuta miaka mingi.

Mchana nikairudisha karatasi maktabani, nikiwa nimeipiga picha kwa simu. Musembi aliibandika mahali pake kwa gundi na mkanda mwembamba, akaikandamiza na kitabu kingine juu. Aliniuliza kama nilipata nilichokuwa natafuta. Nikamwambia nilipata baba. Akapiga mstari juu ya jina langu jekundu, kisha akanipa mkono.

Jumamosi walikuja wanne. Oyoo alikuwa mbele, mwanaume wa nywele za mvi, na alipofika mlangoni hakusema hodi wala habari za hapa. Aliniangalia sikio. Halafu akavua kofia akanishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia. Mama alikuwa pembeni, amevaa vizuri, ameketi akiangalia mlango. Oyoo alimsalimia kwa heshima, kama mke wa baba, na sikuona hasira kwake. Alisema tu kwamba walimtafuta Filister kila mwaka hadi baba zao wakubwa wakaisha kufa. Mama aliinamisha kichwa.

Kuku alikuwa ameshapikwa, kwa hivyo tulikula. Watu walicheka hata, mara moja mbili, kwa mambo ya zamani ya Kwaro. Brandon alikaa ukingoni mwa kiti, hakuinua macho. Safari hii sikumhesabia sahani.

Whitney ndiye aliyegawa chai. Kwetu mtoto wa nyumba akikupa kikombe anakutaja wewe ni nani wake, ili ujue umepokelewa. Alianza na Mama, akamwambia karibu chai, Dani, yaani nyanya yangu. Akaja kwa Oyoo, akamwambia karibu chai, mjomba, na sauti yake ilikuwa imara, nikamwonea fahari. Akapita kwa wengine wawili, mjomba, mjomba. Akafika kwa Brandon. Alisimama na kikombe kwa mikono miwili, mvuke unapanda, na sisi sote tukimngoja. Brandon aliinua mikono kupokea. Whitney akafungua mdomo, akaufunga, akaweka kikombe sakafuni mbele ya miguu ya Brandon, akatoka nje.